Gurudumu la Akiba la Bibi Harusi

Jeshi liliingia nyumbani kwetu Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, likateka meza yangu ya kushonea. Lilikuja kwapani mwa mjukuu wetu, muuguzi, ndani ya boksi kuukuu lililofungwa kwa kamba. Alikuwa amelikuta kwenye duka la vitu vya mitumba, chini ya pasi mbovu na mdoli asiye na kichwa. Juu ya boksi palichorwa lori la jeshi la magurudumu sita likipanda kilima. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki, vingine vidogo kama punje za mchele, vikingoja mtu mwenye subira avikate, avigundishe, mpaka viwe lori la kukaa juu ya kabati.

"Babu," mjukuu akasema, "si ndiye huyu mke wako wa kwanza?"

Mzee wangu alivaa miwani, akalisogeza boksi dirishani, akalitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Ndiye."

Msinionee huruma, mke mwenzangu huyu namjua tangu siku ya posa. Ujanani mzee wangu alikuwa dereva jeshini, na lori alilopewa lilikuwa la aina hiyo hiyo. Waliliita Bibi Harusi kwa sababu asubuhi halikuondoka mpaka libembelezwe, na likishaondoka lilikwenda polepole huku kila mtu akilitazama. Aliyekuwa akilibembeleza ni fundi wake, rafiki wa mzee wangu wa kufa na kuzikana, ambaye mpaka leo tunamwita Spana. Jina alilopewa na mama yake nadhani hata yeye mwenyewe hulitafuta kidogo akiulizwa.

Walistaafu, wakazeeka mitaa ya jirani, na kila Jumamosi Spana alikuja kwetu kubishana. Sisemi kuzungumza, maana kuzungumza kuna mwisho. Wao walibishania jambo moja tu: gurudumu la akiba la Bibi Harusi, lililofungwa nyuma ya kebini, lilikuwa upande gani. Mzee wangu alisema kushoto. Spana alisema kulia. Mimi nilipopita na sinia la chai nilijiambia moyoni kwamba mmoja alizoea kuliona kwenye kioo cha pembeni, na mwenzake alizoea kuliona akiwa amelala chali chini ya lori. Sasa hapo ukweli utautoa wapi? Lakini nilinyamaza. Moto unaowapasha watu joto haumwagiwi maji.

Halafu macho ya Spana yakaanza kufifia. Kwanza alipoteza tundu la sindano, kisha gazeti, kisha nyuso zetu. Daktari akamwambia yaliyokwenda hayarudi. Basi Spana akaacha kuja. Mzee wangu alipomfuata, binti yake Spana alifungua mlango akasema baba amelala. Jumamosi iliyofuata, amelala. Nyingine, amelala tena, mtu mzima analala kama mtoto mchanga. Mwishowe Spana mwenyewe alisema kutoka ndani, bila kujitokeza, kwamba hataki kushikwa mkono njiani, na hataki watu waje kumtazama ilhali yeye hawatazami.

Mzee wangu si mtu wa kulalamika. Aliendelea kuandaa vikombe viwili kila Jumamosi, akanywa kimoja, akakitazama cha pili. Siku moja nikiwa kwenye cherehani nilimsikia akiuambia ukuta, "Kushoto." Ukuta haukumjibu. Nikahesabu hilo kuwa ni ugonjwa.

Kwa hiyo boksi lile lilipofika, nilimpa meza bila kudai. Alisema atamjenga Bibi Harusi, ampeleke kwa Spana, na kwamba mtu aliyefungua injini gizani maisha yake yote hahitaji macho ili kumtambua. "Vidole vyake ni vizima," alisema. "Atamwona kwa vidole. Na akishamwona, atatoka."

Kusema ni rahisi. Plastiki ilikuwa nzee kuliko mjukuu wetu, ukiikata kwa pupa inavunjika kama biskuti. Ekseli ya mbele ilikatika siku ya kwanza, akaiunga kwa pini yangu ya kushonea. Mikono yake nayo hutetemeka siku hizi, basi alijifunza kuegemeza kiwiko mezani na kushusha pumzi kabla ya kubandika, kama mtu anayelenga shabaha. Kuna asubuhi madigadi iligandamana na kidole gumba chake badala ya kugandamana na lori. Alikwenda nayo mlangoni, akamsalimia jirani kwa mkono wa kushoto, akaeleza kwamba ile ni bandeji ya kisasa.

Lakini alichochukia zaidi ni ulaini. Watengenezaji wa lori lile walikuwa wamelifanya kwa ajili ya macho: mikunjo ya turubai ilikuwa michoro tu, kamba zilikuwa mistari, vifundo havikuwapo. Na gurudumu la akiba, kwenye picha ya boksi, walikuwa wameliweka chini ya mkia, mahali ambapo yeye na Spana wangekubaliana, kwa mara ya kwanza duniani, kwamba si penyewe. Akaamua kuliboresha. Hapo ndipo kikosi cha ugavi kilipoundwa, na kikosi hicho ni mimi.

Turubai lilitoka kwenye leso yangu, tukailowesha kwa gundi na maji, ikakauka na makunyanzi yake. Kamba ni uzi wangu wa kushonea mikoba. Kiti cha dereva kilikatwa kwenye pochi iliyochakaa. Kwa vioo alitaka plastiki ya pakiti za dawa zake za presha, basi kwa mara ya kwanza akaanza kuzimeza kwa wakati, jambo lililomshinda daktari na mimi pia. Kwenye bampa alichoma kibonyeo kwa sindano ya moto, upande wa kulia, kukumbuka nguzo ya geti la kambi ambayo huapa mpaka leo kwamba ndiyo iliyomfuata. Mwisho akaja jikoni akinusa makopo yangu, akachukua mdalasini wa unga, akaupaka na gundi kwenye bomba la moshi uwe kutu. Ulikwaruza vidole vizuri kabisa.

Lilibaki gurudumu la akiba. Alilishika kiganjani alasiri nzima kama mtu anayepima dhahabu. Nilikuwa napinda suruali ya mteja. Nilipoinua macho nikaona analigundisha, na mguu wangu ukasimama kwenye pedali.

Alikuwa analiweka kulia.

Nikamwuliza kama anajisikia vizuri. Akasema yuko salama. Akapuliza gundi ikauke, akasema bila kunitazama, "Amepoteza macho. Mwache apate gurudumu."

Nikajifanya natafuta tundu la sindano, nikalitafuta muda mrefu, na sindano yenyewe ilikuwa na uzi tayari.

Jumamosi tukaenda. Mzee wangu alimbeba Bibi Harusi kwenye mfuko wangu wa kitambaa, akitembea kama aliyebeba mayai. Binti yake Spana akafungua, akaanza kusema baba amelala. Mzee wangu akapaza sauti kidogo ipite juu ya bega la binti, akaomba Fundi aambiwe kwamba Bibi Harusi yuko mlangoni, hataki kuondoka, anataka kubembelezwa.

Kisha tukasikia kiti kikilia, na Spana akaja akigusa ukuta, shati limefungwa kifungo kimoja juu, kimoja chini. Akakaa mezani, akanyoosha mikono. Tukamwekea lori mbele yake.

Kwanza alilinusa. Akauliza tangu lini kutu ikanukia chai ya mdalasini. Halafu vidole vyake vikaanza kutembea, taratibu, bampa kwanza, na vilipozama kwenye kibonyeo alicheka peke yake, akasema, "Nguzo." Mzee wangu akasema ile nguzo haikuwa na adabu. Spana akapapasa madigadi, kioo, kiti. Akashika turubai na kukuta kamba imefungwa kwa fundo lake mwenyewe, lile la kuvuta mara moja likaachia, akatikisa kichwa. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Nilimwona anakivuta huku na huku kama anayesuka.

Vidole vikafika nyuma ya kebini. Vikagusa kushoto, patupu. Vikavuka kwenda kulia, vikakuta gurudumu, vikasimama.

"Nani ameweka hili hapa?"

"Mimi," mzee wangu akasema.

"Kulia."

"Kulia. Ulikuwa unasema kweli, Fundi."

Nilidhani atacheka. Uso wake ukafungwa kama duka. Akalisukuma lori mbali kidogo, kwa upole, kama mtu anayerudisha sahani akiwa ameshiba.

"Nilipokuwa naona, hukunikubalia hata siku moja," akasema. "Leo sioni, unanikubalia. Kumbe nimeshakufa, Dereva. Mmekuja msibani, basi tu hamkutaka kuniambia."

Mzee wangu, aliyewahi kurudisha lori nyuma kwenye daraja la mbao usiku wa mvua, safari hii hakuipata gia ya kurudi nyuma. Binti akatazama chini. Nikaona mkono wa Spana unatafuta ukingo wa meza ili asimame, na nikajua akisimama anarudi chumbani, na mlango ule hautafunguka tena kwa ajili yetu.

Mimi nimeshona nguo umri wangu wote. Mshono uliokwenda kombo haubembelezwi, unafumuliwa. Nikalichukua lori, nikashika gurudumu la akiba kwa vidole viwili, nikaling'oa. Likalia tak.

"Nini hicho?" Spana akauliza.

Nikamwambia ni gurudumu, limeachia, kwamba mzee wangu gundi haijui, anadhani kila kitu ni siagi. Nikafungua kiganja chake, nikamwekea. Kisha nikamtazama mume wangu kama ninavyomtazama akisahau kumshukuru mwenye nyumba.

Akanielewa. Ndoa ndefu ina faida zake. Akavuta pumzi.

"Afadhali limeng'oka," akasema. "Lilikuwa linanichoma roho. Lilikuwa kushoto."

Kichwa cha Spana kikainuka.

"Kulia," akasema.

"Kushoto. Nililiona kila siku kwenye kioo."

"Kioo chenyewe kilikuwa na ufa. Mimi nimelifungua kwa mikono hii, nimelibeba kwa tumbo hili."

"Ulikuwa umelala chali. Mtu aliyelala chali hata mbingu anaiona chini."

Wakaendelea, na sauti ya Spana ikawa inapanda ngazi moja moja, mpaka ikafika pale ilipokuwa inakaa zamani. Kwa furaha nikajisahau, nikawaambia lile nililolificha miaka yote, kwamba mmoja alitazama kioo na mwingine alitazama kutoka chini, kwa hiyo huenda wote wawili hawajui. Wakanigeukia pamoja.

"Shemeji," Spana akasema, "wewe ulikuwepo?"

Nikakiri sikuwepo. Wakaniacha, wakarudi vitani.

Hatimaye Spana akadai gundi, aliweke mwenyewe mahali pake. Mzee wangu akasema gundi iko kwetu, kwenye meza ya cherehani, na kwamba yeye si mchuuzi wa kutembeza gundi mitaani. Anayetaka kurekebisha lori aende karakana. Spana akawa anageuzageuza gurudumu kiganjani. Sote tulijua anapima nini: njia, mkono wa kushikwa, macho ya watu.

"Naenda kutengeneza gari," akasema mwishowe. "Siendi kutembelea watu." Akamwomba binti yake kofia. Binti alikwenda kuileta mbio, na aliporudi alimfungua vifungo vya shati na kuvifunga upya, akisingizia anampangusa vumbi.

Mlangoni mzee wangu alimbeba Bibi Harusi kwa mikono yote miwili. "Fundi, shika bega langu," akasema. "Mikono yangu imejaa, sioni ninapokanyaga, uniambie nikienda kombo." Spana akashika bega, akaanza kumgombeza kwamba anatembea kama gari lenye breki mbovu. Mfuko wa kitambaa ambao lori lingekaa vizuri kabisa ulikuwa mkononi mwangu, mtupu. Niliukunja mara mbili, nikauweka kwapani, nikawafuata.

Nyumbani gundi ilifunguliwa lakini amani haikupatikana, maana kila mmoja alishika upande wake wa lori. Nikaenda kwenye kopo langu la vifungo, nikachukua vile vya chuma vya kubana, vya vipande viwili vinavyolia vikikutana. Nikagundisha kipande kimoja kushoto mwa kebini, kimoja kulia, na mwenzao mgongoni mwa gurudumu. Sasa linakwenda popote.

Spana huja kila Jumamosi. Kabla hajasalimia, kidole chake hupita nyuma ya kebini kukagua, akanung'unika, akalihamishia kulia, tak. Akienda kunawa mikono, mzee wangu hulirudisha kushoto polepole, akikohoa ili lisisikike. Husikika. Mjukuu wetu anasema ni wazee wawili wanaocheza na mdoli, nami namwambia anyamaze, ampelekee babu yake chai kabla sijamwachia yeye ndoa hii.

Sijawaambia kwamba kuna kifungo cha tatu. Nimekiweka chini ya mkia, kama kwenye picha ya boksi. Nakitunza kwa ajili ya siku watakapoonekana wamechoka kubishana. Siku hiyo nitalibana gurudumu huko kabla Spana hajaingia, kisha nitakaa kwenye cherehani yangu, mguu kwenye pedali, nisikilize.