Kozi ya Adabu kwa Watu wa Dirishani

Ofisini kwetu Bishkek, ambako kazi yetu ni kuwatungia watu mafunzo, hakuna waliogombana kama Gulbarchyn na Taalai. Gulbarchyn aliamini binadamu hufundishika kwa zawadi na adhabu, basi. Taalai aliamini mwanafunzi hujijengea maarifa mwenyewe, kazi ya mwalimu ni kumpisha. Mimi nachora picha za kozi, kwa hiyo niliwasikiliza wote wawili na sikuamini chochote.

Zahanati moja ya wilaya ikatuletea kazi. Wanawake wa dirisha la mapokezi walikuwa na midomo ya kuwasha. Mgonjwa aliingia na kikohozi akatoka na presha. Daktari mkuu, Asanbek, akataka tuwafundishe adabu. Bosi wetu, aliyechoshwa na ubishi, akawagawa wanawake wale mafungu mawili, kila mtaalamu na lake.

Gulbarchyn akatoa peremende kwa kila "karibu" na kunyang'anya kwa kila tusi. Dirisha likawa asali tupu. Kisha peremende zikaisha. Akaja bibi mmoja kuuliza chumba cha daktari wa macho, na Kalbubu, mkongwe wa dirisha, akamjibu: "Mlangoni pameandikwa herufi kubwa kama ng'ombe. Kama huzioni, daktari atakwambia nini kipya?"

Taalai alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fungu lake alikuwa amelikalisha duara, kwa chai na samsa, sambusa za kwetu, ligundue lenyewe chanzo cha tatizo. Walijadili mchana kutwa, wakagundua kwamba tatizo ni wagonjwa. Wakabandika tangazo: wagonjwa waje wameoga, wasiulize maswali, na wasikohoe kuelekea dirishani.

"Wamejijengea kweli," Gulbarchyn akamwambia. "Wamejenga mpaka ukuta."

Asubuhi iliyofuata tulikaa kwenye benchi la ukumbini, wote watatu tumenywea, tukisubiri kumweleza daktari mkuu kwamba tumeshindwa. Akaingia. Alimuuliza mlinzi kama kwao walikuwa na mlango au pazia. Alimuuliza Kalbubu kama yale ni macho au vifungo vya koti. Tukatazamana. Maneno yale yale tulikuwa tumeyasikia dirishani wiki nzima, neno kwa neno, hadi ile namna ya kubinua mdomo.

"Wanaiga," Taalai akanong'ona.

Gulbarchyn alimkubalia, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. Kisha wakaanza kusukumana nani aingie kusema. Gulbarchyn akaingia ofisini kwa daktari, sisi nyuma yake.

"Daktari," alisema, "watu hujifunza kwa kumwangalia mkubwa wao. Hawa wanakuiga wewe."

"Mimi? Mimi nina adabu kuliko ukoo wenu mzima, punda nyie."

Kupitia mlango uliokuwa wazi tulimsikia Kalbubu akicheka, kicheko cha mtu aliyekisubiri miaka. Asanbek alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akakaa. Nilimwonea huruma, maana alionekana hakuwa anajua. Alisema polepole kwamba kwao baba yake aliongea hivyo, na yeye alidhani ndiyo kuongea.

Halafu akauliza, bila kututazama, kama kuna kozi ambayo mtu anaweza kuhudhuria bila watu kujua ni ya nini.

"Ipo," Taalai akasema papo hapo. "Inaitwa Uongozi wa Juu. Ni ya madaktari wakuu tu."

Haikuwepo. Tuliitunga jioni ile. Akahudhuria peke yake, Alhamisi kwa Alhamisi, huku wataalamu wangu wakibishana koridoni kama apewe peremende au aachwe agundue. Mwishowe walifanya kitu kimoja tu: waliongea naye kwa upole, na yeye akaangalia.

Siku aliyomwambia Kalbubu, "Umeamkaje, dada?", mama wa watu alijua amefukuzwa kazi, akaanza kufunga vikombe vyake kwenye gazeti. Ilibidi Gulbarchyn amtulize. Ilimchukua majira yote ya baridi kuzoea. Theluji ilipoyeyuka, nilipeleka jino langu pale, na Kalbubu akaniambia: "Kaa, kaka, utaitwa." Niliketi haraka, nikiogopa asije akabadili mawazo.