Chumvi ya Shemeji

Mume wa mdogo wangu ni profesa wa kemia, na kwa miezi saba alitembea na chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cheusi, na ndani yake mlikuwa na kitu cha manjano kwa mbali, kizito kama mafuta ya kupikia. Aliitoa mfukoni kwenye vikao, kwenye foleni ya benki, hata msibani. Aliiinamisha hivi, kisha vile, watu waone kinavyotiririka. "Hii ni chumvi," alikuwa akisema, halafu ananyamaza kusubiri midomo ifunguke. Wanafunzi walimwita Profesa Chupa. Mimi nilimwita shemeji, kwa kuwa sikuwa na njia.

Kazi yangu ni mashine ya eksirei. Iko chumba cha mwisho kwenye korido, hakina dirisha, na ubaridi wake unanivalisha sweta mwaka mzima. Mtu akiniletea fuwele, hata iwe ndogo kama punje ya sukari, naiweka mbele ya mwale. Mwale unapita kati ya atomi na kutawanyika, na kwa jinsi ulivyotawanyika naweza kusema kila atomi imekaa wapi. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Jumapili, nyumbani kwake, shemeji aliniita "dada yetu kipenzi." Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa "Fundi, njoo ubebe hii."

Niseme kidogo juu ya chumvi yenyewe. Chumvi ya mezani imejengwa kwa aina mbili za ioni, chembe za mviringo zenye chaji, zinapangika vizuri kama matofali, na ukitaka iyeyuke lazima uichome zaidi ya digrii mia nane. Lakini zipo chumvi nyingine, za kikaboni, ambazo ioni moja ni kubwa na ina mkia mrefu. Jaribu kupandanisha viti ambavyo kila kimoja kina mguu uliojitokeza pembeni, havikai. Ndivyo zilivyo. Hazipangiki, kwa hiyo nyingine hubaki majimaji hata mezani, na watu wa betri wanazitafuta sana.

Shemeji alidai kapata moja isiyoganda kabisa. Katika ripoti ya kwanza, haikuganda kwenye friji. Mwezi wa tatu, haikuganda kwenye barafu. Kufikia mwezi wa sita, alisema "haijui kuganda ni nini." Wapo watu wanaotia chumvi kwenye maneno, shemeji aliitia hata kwenye chumvi.

Aliyeitengeneza hakuwa yeye. Shemeji hakuwa amegusa bika wala chombo kingine cha maabara tangu apate uprofesa. Aliitengeneza msaidizi wake, mhadhiri mwenye mvi na watoto wanne, ambaye sote tulimwita Naam, kwa sababu hilo ndilo neno alilobakiwa nalo. Shemeji akisema mvua inanyesha, naam. Akisema imekatika, naam. Kazi yake nyingine ilikuwa kumvisha mkubwa wake kilemba cha ukoka kila asubuhi na kukinyoosha kikipinda.

Wiki mbili kabla ya ugeni wa kiwanda kimoja cha betri, baridi ilishuka ghafla. Jumatatu niliingia maabara kuu kuchukua glavu, nikakuta chupa kubwa ya chumvi hiyohiyo, ya nusu lita, iliyowekwa kwenye kabati la kioo juu ya kitambaa chekundu, imeganda. Fuwele ndefu, angavu, zimesimama kutoka chini hadi juu kama vipande vya kioo kilichovunjika. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Katika miaka yangu yote sijaletewa fuwele safi namna ile.

Shemeji alipoingia, alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta mwizi amelala kitandani kwake.

"Nani amegusa?"

"Baridi," nikasema.

"Baridi haiwezi. Hii chumvi haigandi." Akamgeukia Naam. "Inaganda?"

"Naam. Yaani, hapana, Profesa."

"Basi imechafuliwa. Fundi, ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilifuata glavu."

"Glavu!" Akalitamka neno kama kwamba ndiyo sumu yenyewe iliyomwagwa. Akaamuru chupa itumbukizwe kwenye maji ya moto mpaka kila kitu kiyeyuke, na mtu yeyote asitamke neno ganda ndani ya jengo lile mpaka wageni waondoke.

Naam akaenda kuchemsha maji. Shemeji akaenda kupiga simu. Nikafungua chupa, nikachota fuwele tatu kwa kijiko kidogo, nikazitia kwenye tone la mafuta na kuondoka nazo.

Chini ya hadubini nilichagua moja isiyo na ufa. Nikaibandika kwenye ncha ya uzi wa kioo, nikaiweka kwenye hewa baridi ya nitrojeni, na mashine ikaanza kuizungusha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilikuwa na picha kwenye kompyuta. Ioni kubwa ilikuwepo, na mkia wake umejikunja kidogo mwishoni. Lakini mwenzake, ile ioni ya pili aliyokuwa akiisifia shemeji miezi saba, haikuwepo. Mahali pake palikaa kloridi, kloridi ya kawaida, na pembeni yake molekuli moja ya maji, imeishika kloridi kwa haidrojeni zake.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Kloridi ndiyo malighafi waliyoanza nayo! Ilipaswa kuondolewa na nyingine iwekwe badala yake. Naam alikuwa ametumia asetoni, kile kiyeyushi, iliyolowa maji, kubadilishana hakukufanyika sawasawa, na baadaye ile chumvi ikanyonya unyevu wa hewa, kwa sababu chumvi za aina hiyo zina kiu. Kilichokuwa kikitiririka mbele ya waombolezaji msibani kilikuwa chumvi ya zamani iliyolowa.

Kesho yake nilimfuata shemeji ofisini. Nilimwekea mezani ile picha, na pembeni chupa ya nitrati ya fedha, dawa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huitumia kutafuta kloridi.

"Shemeji, yeyusha chumvi yako kidogo kwa maji safi, kisha tia tone moja tu la hii."

"Hapa kazini mimi si shemeji yako."

"Profesa, tia tone moja."

Hakutia. Nikatia mimi. Maji yakawa meupe kama maziwa, palepale, kabla sijaondoa mkono. Aliyatazama muda mrefu. Nilidhani sasa atakaa chini.

"Maji ya bomba, yana kloridi yake," akasema.

"Ni maji safi ya maabara."

"Fundi, wewe unajua kubonyeza vitufe. Kemia tuachie sisi."

Nilisimama pale na bika mkononi. Niliwahi kuona watu wajinga, na niliwahi kuona waongo, ila mtu anayeutazama ukweli ukimgandia usoni akausingizia bomba, huyo alikuwa wa kwanza.

Jioni mdogo wangu akaja kwangu. Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti, mkoba ungali begani.

"Dada, ameniambia unataka kumharibia."

"Amejiharibia mwenyewe. Mimi nimepima tu."

"Mwache apite siku ya wageni. Siku moja tu." Akainama, akashusha sauti japo tulikuwa wawili. "Tangu apate hiyo chupa, hajanifokea. Miezi saba, dada. Anarudi nyumbani anaimba."

Nilimwahidi sitasema neno nisipoulizwa. Nilijiona mwema kwa ahadi hiyo. Leo najua nilijiachia mlango wazi, na nilikuwa nasubiri kwa hamu mtu aupitie.

Wageni walikuja watatu. Kiongozi wao alikuwa mhandisi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hasemi sana. Shemeji alivaa koti jeupe jipya lenye mikunjo ya dukani. Alihutubia dakika arobaini. Alisema maumbile yenyewe yamesalimu amri. Naam aliitikia nyuma yake kama kinanda kibovu. Nami nilikuwa nimepangwa ukutani pamoja na mafundi wengine, tuonekane wengi.

Kisha akaimimina. Ile ya nusu lita, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto na kupoa taratibu, ikashuka kwenye bika vizuri kabisa. Wageni wakasogea. Shemeji, kwa kutaka kuonyesha uzito wake, akanyakua kijiti cha kioo kilichokuwa mezani na kukoroga.

Kijiti kile kilikuwa ndicho Naam alichokorogea siku ya kuiyeyusha, na hakuna aliyekiosha. Kilikuwa na ganda jembamba la fuwele kavu. Kimiminika kilichopoa chini ya kiwango chake cha kuganda hakihitaji zaidi ya punje moja ya kukionyesha njia.

Nyuzi nyeupe zilianzia kwenye ncha ya kijiti, zikatawanyika kama nyufa kwenye kioo cha gari. Shemeji akaendelea kukoroga. Kisha hakuweza tena kukoroga. Akavuta kijiti, bika likanyanyuka pamoja nacho.

Yule mama akapandisha miwani yake puani.

"Profesa," yule mhandisi akasema kwa upole, "mmeshapima muundo wa fuwele yake?"

"Haina fuwele, mama," shemeji akajibu, bika likining'inia mkononi mwake. "Hiki ni kimiminika."

"Naam," akasema Naam.

Mmoja wa wageni akageuka haraka kutazama dirishani, mabega yakimtikisika. Mhandisi akatutazama sisi wa ukutani. "Nani anashughulika na mashine ya eksirei hapa?"

Nikanyoosha mkono.

"Umewahi kuipima?"

"Nimeipima. Ni kloridi, na molekuli moja ya maji."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama daktari aliyeambiwa jambo alilokwisha kulishuku. "Asante," akasema. Wakanywa chai, wakasifu bustani, wakaondoka.

Ungedhani shemeji angejifungia ndani. Siku tatu tu! Ya nne akaingia chumbani kwangu anang'aa.

"Fundi, nimetafakari. Ile fuwele ni ugunduzi. Nipe data zote, tunaandika makala."

"Kloridi ile?"

"Chumvi mpya ya kikaboni yenye maji. Kwa kweli nilikuwa naishuku tangu mwanzo."

Nikamtazama, nikakosa hata tusi la kumfaa. Kisha nikasema, "Tafuta kwanza kwenye kumbukumbu za fuwele, kama haijapimwa na mtu."

"Sikukuomba ushauri. Nimeomba data."

Nikampa. Nilikuwa nimeshatafuta mwenyewe, siku ileile ya kwanza. Inachukua dakika mbili. Fuwele hiyo ilipimwa miaka ishirini na saba iliyopita, vipimo vyake vyote vilevile, hata mkia umejikunja vilevile. Ningeweza kumwambia. Mdomo ulikuwa wangu, na ahadi niliyompa mdogo wangu ilikuwa imekwisha. Sikumwambia kwa sababu nilitaka aanguke tena, safari hii kwa maandishi.

Akaandika. Jina lake mbele, la Naam nyuma yake, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani kwa "fundi kwa kubonyeza mashine." Kabla ya kuituma aliitangaza kwa barua ya idara nzima. Mhariri wa jarida alimrudishia baada ya siku tano, mistari miwili: muundo huu unajulikana, tazama makala hii ya zamani.

Alikuja na ile karatasi, akaibwaga juu ya meza yangu. "Ulijua!"

"Nilijua."

"Na ukaninyamazia?"

"Kuhusu kloridi sikukunyamazia. Ulisema ni bomba."

Hakufukuzwa, watu wa namna yake hawafukuzwi. Kamati ilikaa, ikaona si vizuri aendelee kusimamia utafiti, ikamfanya mkuu wa ubora wa maabara zote. Sasa anazunguka na daftari akikagua kama tumeosha vyombo. Naam amehamia kwa profesa mwingine, na nasikia huko anasema "hakika."

Ila kufoka kulirudi. Kulirudi siku ileile ya barua ya mhariri, na si mimi niliyefokewa. Wiki moja baadaye mdogo wangu alibisha hodi kwangu akiwa na sanduku na mito yake miwili. Nilimtandikia chumba cha nyuma. Siku mbili hakunisemesha, na sikuwa na haki ya kulalamika. Nilikuwa nimecheka kicheko ambacho bili yake alipelekewa yeye.

Siku ya tatu alinifuata kazini. Akavaa sweta langu la akiba, akakaa mbele ya kompyuta, akasema nimwonyeshe hicho kitu. Nikamfungulia picha, nikaizungusha aone pande zote. Akagusa kioo kwa kidole.

"Hiki ndicho kilichonigombanisha na mume wangu?"

"Hapana. Hapo umegusa maji," nikasema. "Mimi nilimwacha atumbukie kusudi, mdogo wangu. Nilipaswa kumwambia, kwa ajili yako."

Akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, mashine ikinguruma taratibu pembeni yetu.

"Ungemwambia angekusikia?"

"La."

"Basi ungeniambia mimi," akasema. "Ningepanga mito yangu mapema." Akavuta kiti karibu, akaniomba nimweleze tena, polepole, kloridi ni ipi.