Kata ya Awadhi

Kitwana alitoka Kariakoo kwa miguu, kata kwapani, lile duara la kitambaa ambalo mpagazi huweka kichwani chini ya mzigo. Ilikuwa ya kaka yake, Awadhi, aliyekufa kwa homa huko Rufiji wakati wa vita vya Mjerumani, akimbebea Mwingereza risasi. Kaburi lake hakuna alijuaye. Mwaka huu wa 1954 Kitwana alitaka jambo moja tu: kata ile ikae kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita siku ya kuweka mashada.

Langoni mwa bustani ya mnara huo alisimama Ignasi, sajini mstaafu, Mnyamwezi, medali zikimmeremeta kifuani.

"Bila medali huingii, Mzaramo."

"Wapagazi walipewa medali lini?"

"Basi rudi ukauze madafu."

"Dunia imepinduka! Mnyamwezi kashika bunduki, Mzaramo kabeba mzigo. Babu yako, mpagazi wa misafara, angekukana."

Ignasi akacheka, lakini hakuondoka langoni. "Amri ya Bwana DC, mtani. Si yangu."

Mtani! Neno hilo likamzindua Kitwana. Akapenya ubavuni mwa Ignasi, akaenda moja kwa moja hadi mnarani, akajilaza chali mbele ya ngazi. Tarumbeta zikanyamaza. Bwana DC akabaki na shada mkononi.

"Mgonjwa huyu?"

Ignasi alifika akihema. Amburute? Mtani akilala kaburini haburutwi. Hulala mpaka apewe anachotaka, na mfiwa haruhusiwi kununa. Hata kwao Tabora ni hivyo hivyo.

"Si mgonjwa, bwana. Hapa ni msibani, na huyu ni mtani wangu. Maziko hayaendelei mpaka tumkomboe."

"Anataka nini?"

"Niulize mimi," Kitwana akasema kutoka chini. "Nimelala, sijafa. Kata ya kaka yangu ikae hapa, na jina lake, Awadhi bin Pazi, litajwe."

Bwana DC akatazama saa, kisha akatazama umati, ambao ulikuwa umeshaanza kuangua vicheko. "Haya. Litajwe."

Ignasi akaweka kata kwenye ngazi, akakaza mgongo, akatoa sauti ya gwaride: "Awadhi bin Pazi! Mpagazi!"

"Na Mwinjuma wangu!" mama mmoja akapaza sauti nje ya ua.

"Na Mbwana bin Kondo!"

Ignasi akayarudia yote, moja moja, pasipo kuruka hata moja. Bwana DC alisubiri juani na shada lake. Kitwana naye akainuka polepole, akajikung'uta vumbi, akasimama kando ya mtani wake kumsahihisha kila alipokosea jina.