Pembe Katikati ya Mkutano

Udongo ulipoporomoka na kuziba barabara yetu ya kwenda Soni, diwani aliitisha mkutano. Alitaka fedha za darasa letu la jioni, la watu wazima, zitumike kukodi katapila ya kuondoa udongo.

"Darasa lisubiri," alisema.

"Kabichi zangu zinaoza, mheshimiwa," alijibu Bibi Hadija, mwanafunzi mwenzangu, "lakini nimeanza kusoma juzi tu. Nirudi gizani?"

"Bibi, kabichi hazisomi!" mtu akamtania, watu wakacheka.

Nilifumba macho nikamwomba Mungu atufungulie njia. Nilipofumbua, Bibi Hadija alikuwa ameitungua ukutani pembe ya msaragambo. Akaipuliza.

Kwetu pembe hiyo ikilia hakuna mjadala. Kila mtu hubeba jembe kwenda kazi ya pamoja, na anayebaki ameketi hutungiwa wimbo wa kumcheka. Mkutano mzima ukainuka.

"Mheshimiwa, utaimbwa!" watu wakamwambia diwani, aliyebaki ameketi peke yake.

Diwani akavua viatu, akakunja suruali, akaja nasi kuchimbua udongo barabarani.

Alasiri lori la kabichi likapita, nasi tukalishangilia kama harusi. Jioni tuliingia darasani na matope hadi masikioni. Mwalimu akauliza tuandike neno gani.

"Barabara!" tukapiga kelele sote.