Kikohozi cha Alfajiri

Léoncie, au Mama Elsa kwa majirani, fundi cherehani wa Nyakabiga, alikuwa na sifa ya maombi mtaa mzima. Kila Jumatano yeye ndiye aliyewaongoza kina mama kanisani, na akishasema "Baba," hata watoto waliacha kutafuna. Zamani sifa hiyo ilikuwa ya kweli. Siku hizi ilikuwa inaishi kwa kikohozi.

Ilikuwa hivi. Alipokuwa angali na bidii, Léoncie alimwomba jirani yake Khadidja, mkaanga vitumbura, amgongee dirisha kila alfajiri akienda bombani kuchukua maji ya udhu. Wote wawili wana Mungu wa kumwamkia. Kwa nini mmoja alale? Khadidja akawa anagonga, Léoncie anakohoa kuonyesha ameamka, kisha anapiga magoti kwenye saruji.

Ikaja harusi moja, akachelewa kulala. Kesho yake ikanyesha mvua. Keshokutwa hakuhitaji tena sababu. Asisingiziwe Shetani hapa. Kazi yote ilifanywa na blanketi. Khadidja aligonga, Léoncie akakohoa, akageukia ukutani. Hata funga ya Jumatano akawa anaifunga kwa chai ya maziwa, mlango ukiwa na komeo. Miaka ikapita, na kikohozi kikazidi kunoga, kikohozi cha mama mwenye heshima zake.

Alfajiri moja ya masika dirisha likagongwa, Léoncie akakohoa kama kawaida. Khadidja hakuondoka. Akapiga tena, kwa kiganja.

"Mama Elsa! Assia wamemupeleka maternité. Mutoto amekaa vibaya kwa tumbo, docteur anasema watamupasua. We unaongeaka na Mungu kila asubui. Leo umutajie Assia wangu, nakuomba!"

Kisha akaondoka mbio.

Léoncie alishuka kitandani, aibu ikimuunguza uso. Assia, binti wa Khadidja, alikulia katika ua huo huo. Sare yake ya kwanza ya shule aliishona Léoncie mwenyewe. Akapiga magoti, akaianza ile sala ya Jumatano, yenye maneno marefu na matamu, ikamkaukia mdomoni. Akajaribu tena, wapi! Mtoto wa watu yuko hatarini, na yeye anayetegemewa hana kitu ila kukohoa.

Basi akasema lililokuwepo.

"Baba, mi nililala. Watu niliwadanganya, lakini Wewe ulikuwa unaniona. Sina uso wa kuomba kitu. Lakini Assia hana kosa, na Wewe si kama mimi."

Akalia sana. Na katikati ya kilio akahisi kitu alichokuwa amekisahau, kwamba anasikilizwa. Hakuulizwa alikuwa wapi siku zote hizo. Moyo ukafunguka, maneno yakaja yenyewe, akamwombea Assia mpaka jua likaingia dirishani. Chai ya siku hiyo hakuigusa.

Alimkuta Khadidja kwenye benchi la maternité, tasbihi mkononi, Assia bado yuko ndani. Léoncie angeweza kunyamaza. Lakini aliyetoka kusamehewa hapatani tena na uongo.

"Mama Assia, sikia. Ile kukohoa yangu... nilikuwa narudi kulala. Miaka yote. Leo tu ndo nimeomba kweli."

Khadidja hakugeuka. "Mi najua."

"Unajua?"

"Ukimaliza kukohoa, kitanda inalia. Mutu wa kupiga magoti, kitanda yake inanyamaza."

"Sasa kwa nini uliendelea kunigongea?"

"Uliniomba nikugongee. Hukuniambia niache."

"Na leo, kwa nini uliniomba nimuombee Assia?"

"We ndo unalalaka," alisema Khadidja. "Mungu apana."

Kumbe alfajiri zote zile alizodhani Léoncie kwamba amemwacha Mungu, Mungu hakukosa kufika dirishani, kwa mkono wenye harufu ya mafuta ya vitumbura. Akaushika mkono ule, akaubusu.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia akicheka. "Nani bibi hapa? Wote wazima! Ni mwanaume, na analia kama mwenye nyumba!"

Léoncie alipiga vigelegele mpaka wodi ya pili wakaitikia bila kujua ni vya nini. Khadidja akasema alhamdulilahi, akalia, akacheka, akasema tena.

Jumatano Léoncie alisimama kanisani akawaeleza kina mama habari yote, na chai ya maziwa hakuiacha nje. Adélaïde wa kwaya, aliyecheka kuliko wote, akainuka ghafla. Kisha naye akaitaja chai yake. Siku hiyo walifunga kweli, na waliimba kuliko siku zote walizoshiba.

Khadidja alirudi nyumbani na binti yake na mjukuu. Alfajiri iliyofuata akachukua ndoo, akaenda bombani, akanyanyua mkono agonge dirisha kama kawaida.

Ndani Léoncie alikuwa anaimba. Sauti ilitoka chini, kwenye saruji, imejaa furaha, na majogoo wa jirani walionekana wamechelewa kazini.

Khadidja akashusha mkono. Akasogea karibu kabisa na dirisha, akakohoa, kikohozi kirefu cha mama mwenye heshima zake, akaenda kutawadha huku akicheka.