Mstari Hauna "Ni"

Siku ya harusi yake, mchungaji alipomuuliza Verdell Tolliver kama anamkubali Linwood awe mume wake, Verdell alijibu, "Tunakubali." Kanisa zima liliangua kicheko. Mpaka leo Linwood hachoki kuwauliza wageni mezani, "Jamani, hebu nisaidieni. Mimi nilioa wangapi?"

Hayakuwa madaha. Samaki mkunje angali mbichi, na ulimi wa Verdell ulikunjwa mapema. Alipokuwa chuoni, yeye na wenzake watano walitaka kuingia Udada, chama cha wasichana wa chuo kinachodumu maisha yote, wakakabidhiwa kwa Ozella Gaithers, dada mkubwa aliyewatangulia kwa miaka mingi na aliyepewa kazi ya kuwafunda wageni. Ozella aliwapanga kwa kimo, mfupi mbele, mrefu nyuma, mkono wa kila mmoja begani kwa aliyemtangulia. Akawaambia kwamba huo ndio mstari, na mstari hauna "ni". Una "tu". Hapakuwa na kusema "nina njaa". Ilikuwa "tuna njaa", hata kama wengine wameshiba. Aliyeponyokwa na "ni" hakuguswa. Wenzake ndio walionyoosha mikono mbele, tofali kila kiganja, na yeye akasimamishwa mbele yao kuwatazama mpaka Ozella aridhike.

Verdell aliponyokwa mara moja tu. Alimtazama Cleora, mfupi wao, akitetemeka mikono huku machozi yakimtiririka bila sauti, na tangu siku ile neno lile likamfia mdomoni.

Wala hakuwahi kulijutia. Mama yake alipofariki, akina dada wa chama walifika na makoti yao ya zambarau kabla hata jeneza halijaletwa. Alipogombea bodi ya shule ya kaunti, waligonga milango yote ya mji ule wa Alabama, hata ya watu waliowafungulia mbwa. Wapinzani wake walipanda jukwaani na "mimi nitafanya, mimi nitaleta". Verdell akapanda na "tutafanya". Watu wakasema mama huyu hajikwezi, wakampa kura, na mwishowe bodi ikampa uenyekiti.

Halafu ikaja habari ya shule ya Mtaa wa Sycamore.

Ozella alikuwa mwalimu mkuu pale karibu maisha yake yote ya kazi, na ukumbi ulikuwa na jina lake. Lakini paa lilivuja, na kuta zikaota kuvu. Mtoto wa darasa la pili alibebwa na gari la wagonjwa, pumu imembana, akapona, akarudi, akabebwa tena. Verdell alikwenda mwenyewe siku ambayo shule ilikuwa tupu, akabonyeza ukuta wa maktaba. Kidole kilizama kama kwenye mkate uliolowa. Pendekezo lilikuwa kuifunga na kuwahamishia watoto ng'ambo ya reli. Wajumbe wawili walitaka ifungwe, wawili walikataa. Iliyobaki ilikuwa kura ya mwenyekiti.

Jumapili baada ya ibada Ozella alikuja na keki ya siagi, akakaa bila kuvua kofia.

"Tumezungumza," alisema. "Tunapinga."

"Dada, ukuta umeoza."

"Ukuta hutengenezwa. Nani alikuweka kwenye kile kiti?"

"Ninyi."

"Nani?"

Verdell aliinamia sahani yake. "Sisi, dada."

"Haya. Kata keki."

Usiku ule alimwambia Linwood kwamba labda angetuma taarifa kuwa ni mgonjwa. Linwood alimwangalia. "Mgonjwa nani, mke wangu, wewe au mstari?" Kwa mara ya kwanza mzaha ule haukumchekesha hata mwenyewe.

Siku ya mkutano Verdell alikusudia kuendesha gari lake peke yake. Alipotoka, gari la Cleora lilikuwa limesimama nyuma ya lake, limeziba njia. Cleora kwenye usukani, Ozella kando yake, Jessamine, mrefu wao, nyuma. Hao ndio waliobaki mjini. Wengine wa mstari walihama au walikwisha kuzikwa. "Panda," Jessamine alisema, akimsogezea nafasi. "Njia yetu si moja?" Njiani waliongea juu ya pilipili za bustanini kwa Cleora. Shule hakuna aliyeitaja.

Katika ukumbi wa bodi katibu aliita majina. Wawili walikubali. Wawili walipinga. "Mwenyekiti?"

Makoti matatu ya zambarau yalikuwa safu ya mbele, yamepangwa kwa kimo, na kati ya Cleora na Jessamine kulikuwa na kiti kitupu.

"Tuna..." Verdell alisema, akakwama.

Katibu aliinua uso. "Samahani, Mwenyekiti. Kura ni ya mtu mmoja. Wewe unasemaje?"

Verdell aliondoa macho kwenye kile kiti kitupu.

"Ninakubali," Verdell alisema. "Shule ifungwe."

Mkutano ulipokwisha alijichelewesha kukusanya karatasi, akitumaini wataondoka, wamwache, wamchukie kama watu wengine wanavyochukiana. Alipotoka, gari lilikuwa mlangoni, injini inanguruma.

"Ingia," Ozella alisema. Akaingia. Ozella hakugeuka. "Nani amesema 'ni'?"

"Mimi, dada."

"Kanuni mnaijua."

Cleora alizima injini. Bega lake lilikuwa limepasuliwa majira ya baridi yaliyopita, lakini alinyoosha mikono yote miwili juu ya usukani. Jessamine naye akanyoosha. Verdell alipoinua yake, Jessamine alimgusa goti. "Shusha. Wewe unatazama."

Kisha Ozella akauweka mkoba wake chini, miguuni. Katika miaka yote ile, yeye alikuwa msimamizi. Hakuwahi kunyoosha mkono. Sasa aliinyoosha, mikono ya kikongwe, mishipa imetokeza, inatikisika tangu mwanzo.

"Dada, inatosha," Verdell alisema. "Wale watoto walikuwa..."

"Tunajua," alisema Ozella.

Mikono haikushuka.