Mkanda wa Fundi Cherehani

Kazi yangu ni kuosha maiti za wanawake, na sharti lake ni moja: ulichokiona, unakizika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kinamuumbua mbele ya nani. Mbele yangu.

Asubuhi ile niliitwa kumwosha fundi cherehani wa mtaa wa pili. Binti yake wa mwisho aliomba anisaidie kumimina maji. Nilipofunua shuka nikaona mkanda wa kitambaa kizito, umepita katikati ya mapaja na kufungwa kiunoni kwa vifungo viwili vikubwa. Mkanda wa namna ile, mishono ile ile midogo, nilishaufungua kwenye maiti nyingine, wanawake wa nyumba mbalimbali wasiokuwa hata na salamu kati yao. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kana kwamba kuna mtu anayewafikia kabla yangu.

Kumbe mwenye mkono ulioishona ndiye huyu. Nikaufungua. Kizazi kilikuwa kimeshuka hadi nje, kimechubuka kwa kusuguliwa na kitambaa. Nikakifunika upesi binti asione. Hakushtuka, alikuwa anatazama ukuta.

Akainama kunyanyua ndoo, akakohoa, akabana magoti. Gauni likamkaza kiunoni, vikatokeza vifungo viwili.

Nilihisi aliyelala mezani ananisikiliza nitasema nini. Binti hajafika hata miaka thelathini. Nikinyamaza, naye atakuja kufunguliwa mezani siku moja, na mwoshaji mwingine atamfunika upesi.

"Weka ndoo chini," nikamwambia. "Mama alikushonea lini?"

Akaitua ndoo. "Nilipojifungua wa pili. Alisema ndivyo tulivyo wanawake wa nyumba hii. Nikaze mkanda, nikaze na mdomo."

Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, huku namwosha. Fundi hodari kama yule, akaushona mdomo mtaa mzima.

"Si nyumba hii tu, mwanangu. Ni misuli ya chini ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi. Ikilegea, hasa kwa uzazi, vinashuka. Mwingine hashukwi na kitu, ila akikohoa mkojo unamtoka. Si laana, wala si uzembe wako. Kliniki watakufundisha mazoezi ya kuibana. Ikizidi kuna upasuaji. Na kuna pete laini, inawekwa ndani, inashikilia."

"Umejuaje yote hayo?"

"Ninayo. Nimeolewa mara moja, nina pete mbili."

Akacheka, kisha akalia, na kilio kile hakikuwa cha msiba. "Nilidhani niko peke yangu," akasema.

Mlango ukafunguka taratibu. Ni mama yake mkubwa, dada wa marehemu. Alikuwa amesimama nje muda wote. Nyuma yake niliwaona wanawake wamejaa ukumbini. Vilio vilikuwa vimekatika. Wote walikuwa wanatutazama, na hakuna aliyepepesa jicho.

Mama mkubwa akafunga mlango, akaanza kupandisha gauni lake.

"Dada yangu, mimi huangalia waliokufa," nikasema. "Wewe nenda kliniki."

"Nitakwenda," akajibu. "Lakini tangu nizae sijaonwa na mtu. Niangalie wewe kwanza, ningali napumua."